Anaingia au Anatoka

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa hoteli kubwa ya katikati ya mji, pale ukuta unapokata kona na kutuachia kivuli cha kutosha benchi moja, meza yangu ya saa na jiko la Mama Kahawa. Mlango wa hoteli uko kulia kwetu. Ng'ambo ya barabara ipo nyumba ya makumbusho, na kuizunguka yapo yote ambayo mgeni huambiwa asiondoke bila kuyaona: mahakama ya zamani, soko la vinyago, bustani ya chemchemi isiyotoa maji, na mnara wenye saa iliyokufa, ambao mimi kama fundi saa naomba nisiulizwe habari zake. Wageni wengi wanaokwenda kuyaona hayo hutoka na Mzee Ramani. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameshika ramani. Siku ninayoisimulia ilikuwa alasiri, birika limejaa, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kunywa.

Aliyeanza ni Wakili, kama kawaida yake. Hajasomea sheria hata siku moja. Alikuwa mfagizi wa mahakama ile ya zamani, na maneno yaliyodondoka sakafuni akayaokota.

WAKILI: Nauliza kwa mara ya mwisho. Nani alikuwa na zamu ya kumwambia?

MAMA KAHAWA: Kumwambia nini?

WAKILI: Kwamba picha imeondolewa.

BAWABU: Zamu gani hiyo? Sisi tulikuwa na zamu za barabara. Za maneno hatukupangiana.

Bawabu ndiye anayefungua mlango wa hoteli. Alikuwa kwenye mapumziko yake, kofia ameipakata magotini, na uso wake haukuwa wa mtu anayepumzika.

Hapa inabidi nieleze. Mzee Ramani haoni. Macho yalimwacha kidogo kidogo, na sasa amebakiwa na mwanga na giza tu. Hakumwambia mtu. Nasi hatukumwambia kwamba tunajua, maana mtu mzima akificha lake unamsaidia kulificha. Lakini kila akitoka na wageni, kijiwe kizima kinashika kazi. Bawabu humfungulia mlango na kutangaza, "Ngazi tatu, wageni wetu, ngazi tatu," utadhani wageni ndio wasioona. Wakili hukimbilia mtaro uliokosa mfuniko, akasimama kando yake na gazeti, akabishana na yeyote apitaye, ili mzee asikie sauti na kupinda. Kasuku, dereva wa teksi, huzimisha gari katikati ya barabara na kufungua boneti kama mtu aliyeharibikiwa. Mama Kahawa hugonga mfuniko wa birika: mara moja, subiri; mara mbili, vuka. Mimi huiacha saa ya kengele ilie pale ukingo wa njia ulipobomoka. Mzee hupita katikati ya kelele zetu, kifua mbele, akiwasimulia wageni habari za mji.

Ndani ya makumbusho hatukuwa na wasiwasi naye, kwa sababu ndani hakuna kinachohama. Vitu vimekaa palepale tangu sote tuna meno. Basi tukailinda barabara, inayobadilika kila dakika, na nyumba tukaisahau. Kumbe wiki hii, katika chumba cha mwisho, waliishusha ile picha kubwa ya mwanamke wa mlangoni na kuipeleka mbali ikatengenezwe. Asubuhi hiyo Mzee Ramani aliwasimamisha wageni wake mbele ya ukuta mtupu, akawaeleza picha ambayo haipo.

KASUKU: Nani amesema?

MAMA KAHAWA: Binti wa tiketi, alipofuata kahawa. Wageni wenyewe walikuwa wakinong'onezana hivyo wakati wa kutoka. Mzee alisimama hapo, akaeleza mlango, akaeleza komeo, akaeleza kandambili moja iliyopinduka. Wageni kimya. Hakuna aliyecheka.

WAKILI: Na hakuna aliyemwambia.

MAMA KAHAWA: Ungekuwa wewe ungemwambia?

WAKILI: Ningemwambia kwa utaratibu.

MAMA KAHAWA: Utaratibu gani wa kumwambia mtu mzima kwamba anaonyesha ukuta?

Wakili akatazama viatu vyake.

BAWABU: Nyinyi mnazungumza utaratibu. Meneja mpya ameniambia mwenyewe, akikuta lalamiko moja la mgeni, yule mzee hasimami tena mlangoni kwangu. Moja tu. Na wageni wa asubuhi wamo humo ndani sasa hivi, wanakula. Akiinuka mmoja akaenda mapokezi, basi.

Sote tulijua maana ya hiyo "basi". Mzee alishamzika mkewe, watoto wako mbali na hupiga simu wakikumbuka. Kinachomtoa kitandani asubuhi, kikamvalisha shati lililopigwa pasi, ni mlango ule wa hoteli. Mimi nilihofu sana, na nilijua hofu hiyo haikuwa yangu peke yangu.

KASUKU: Kwani picha yenyewe imeondolewa kwa nini? Kutengenezwa, kutengenezwa. Mimi sikubali. Imeuzwa.

WAKILI: Haikuuzwa. Imeibwa. Haba na haba hujaza kibaba.

MAMA KAHAWA: Picha ni moja, Wakili. Haba na haba ya wapi?

WAKILI: Walianza na fremu.

BAWABU: Mchwa hao. Kikulacho ki nguoni mwako.

MAMA KAHAWA: Na nguo nayo imeingiaje?

BAWABU: Kwani mwanamke wa pichani hakuvaa?

MAMA KAHAWA: Amevaa. Gauni la kijani, lina kiraka begani.

KASUKU: La bluu.

MAMA KAHAWA: Kijani, Kasuku. Mzee anasema kijani miaka yote, leo ulitie bluu?

KASUKU: Haya, kijani. Lakini nisikilizeni. Meneja mpya ameitaka picha aitundike kwenye chumba chake cha kulia, ili wageni wasivuke barabara tena. Mwezi ujao mtaona soko la vinyago limepandishwa ghorofani. Halafu chemchemi, waiweke karibu na lifti. Halafu mnara.

WAKILI: Mnara hauhamishiki. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

MAMA KAHAWA: Hiyo ni ya vyombo vya majini.

WAKILI: Ndiyo maana nasema. Mnara si chombo.

Siku nyingine hapo tungecheka mpaka kahawa itupalie. Siku hiyo Bawabu alikuwa akiangalia mlango wa hoteli.

WAKILI: Mimi nina yangu moja, na msinicheke. Yule mwanamke ametoka.

BAWABU: Ametoka wapi?

WAKILI: Pichani. Miaka yote hapa tunagombana, anaingia au anatoka. Basi ameamua. Ametoka, akarudishia mlango nyuma yake. Wenye makumbusho asubuhi wakakuta turubai haina mtu, wakaona haya, wakaishusha.

Nadhani sote tulimwona kwa muda, mwanamke wa gauni la kijani, akivuka barabara peke yake bila kugongewa mfuniko.

Hayo ya kuingia na kutoka ni ya Mzee Ramani. Mwanamke yule amesimama kwenye mlango ulio nusu wazi, mguu mmoja juu ya kizingiti, mkono wa kulia kwenye komeo, na uso wake hausemi lolote. Mzee huwauliza wageni, "Anaingia au anatoka?" Wageni hugawanyika, wake kwa waume, wakaanza kugombana kwa adabu. Akishawaacha wagombane vya kutosha, husema, "Sasa mtazameni mkono wake wa kushoto." Hapo wageni wote husema "aaah", na ile "aaah" husikika hadi dirisha la tiketi.

Sisi kijiweni alitusimulia picha nzima, mara nyingi, kasoro mkono wa kushoto. Tukimbana husema, "Huo mpaka muingie. Wenyeji hawalipi." Basi tukabaki na ubishi wetu. Mama Kahawa na mimi tulishikilia kwamba anaingia. Wakili na Kasuku walisema anatoka. Bawabu, kwa uzoefu wa kazi, alisema amesimama tu, kwamba watu wanaosimama mlangoni wapo na wana sababu zao.

BAWABU: Jamani. Huyo anayekuja ni mmoja wao.

Mwanamke wa makamo alikuwa ametoka hotelini, miwani imening'inia kifuani, mkoba ameubana kwapani. Aliangalia huku na huku, akatuona, akaja moja kwa moja. Bawabu akavaa kofia, akaivua tena.

MGENI: Hamjambo?

MAMA KAHAWA: Hatujambo, dada. Karibu.

MGENI: Namtafuta yule mzee aliyetutembeza asubuhi.

WAKILI: Mzee yupi?

KASUKU: Amesafiri.

BAWABU: Anaumwa.

MGENI: Amesafiri huku anaumwa?

MAMA KAHAWA: Usiwasikilize hawa. Kaa, dada yangu, unywe kahawa. Kama kuna lililokuudhi, liseme hapahapa kwetu. Usilipeleke mapokezi, nakuomba.

BAWABU: Yule mzee hana kazi nyingine, mama.

Mgeni akakaa. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

MGENI: Sijaudhika. Mnadhani nimekuja kumshtaki kwa kuwa haoni?

Bawabu akaivaa tena kofia yake.

MGENI: Nilijua tangu kwenye zile ngazi tatu. Baba yangu macho yalimwisha vivyo hivyo. Na huyu bwana hapa alikuwa kando ya shimo na gazeti, anagombana na mti.

WAKILI: Watu walikuwa wachache leo.

MGENI: Sote tulijua. Tulikubaliana kwenye lifti kwamba hakuna wa kumwambia, na hakuna wa kwenda mapokezi. Hilo limekwisha.

Bawabu akashusha pumzi ndefu. Mama Kahawa akajifuta macho kwa pindo la kanga, akasingizia moshi, na jiko lilikuwa halitoi moshi. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilidhani limekwisha kweli.

MGENI: Kilichonileta ni kingine. Alitueleza karibu yote. Akasema, sasa mtazameni mkono wake wa kushoto. Akanyoosha mkono, akagusa ukuta, akanyamaza. Tukangoja. Mwisho akasema tutoke, muda umekwisha. Mchana nimerudi peke yangu, nimekuta misumari miwili. Binti wa tiketi ameanza kazi juzi, anasema hata chumba hicho hajakifikia. Lakini nyinyi mko hapa mbele kila siku. Niambieni tu. Mkono wa kushoto ameshika nini?

Lilikuwa swali jepesi. Wakili akafungua mdomo, na mimi ninayemfahamu nilingoja methali. Akaufunga.

MAMA KAHAWA: Kwani, dada, una nini na mkono huo?

MGENI: Nimetoka kwangu. Nilifunga mlango nikaja kupanga chumba hapa, na mume anapiga simu sipokei. Watu wa hotelini wananiuliza kama nimekuja kutembea, nasema ndiyo, nikaungana na wageni kwenda kutazama. Mzee alipouliza anaingia au anatoka, wenzangu walikuwa wanacheza. Mimi nilitaka kujua.

Mama Kahawa akamwongeza kahawa ambayo hakuiomba. Hapo ndipo Kasuku akasimama ghafla, maana Mzee Ramani alikuwa ametokeza ng'ambo, upande wa bustani ya chemchemi. Kasuku akakimbilia gari, akalisogeza katikati ya barabara, akafungua boneti. Mama Kahawa akagonga mara moja. Akagonga mara mbili. Mzee akavuka, shati jeupe, kiatu kikipapasa ukingo kabla ya kupanda. Akaligusa benchi kwa mguu, akasita.

RAMANI: Nani kakaa mahali pangu?

MGENI: Ni mimi, mzee. Wa asubuhi.

RAMANI: Ndiwe uliyekuwa ukipumua karibu na bega langu. Kaa, mwanangu, usiinuke. Nimewakatisha njiani, nisamehe.

Akakaa ukingoni mwa benchi. Sijui nini kilinisukuma. Nilikuwa na saa ya mtu mkononi, nimeifungua kifuniko, nikaiweka mezani, nikamwambia.

MIMI: Mzee, ile picha imeondolewa.

Wenzangu walinitazama kama niliyevunja kikombe.

RAMANI: Najua, Fundi. Nilipoanza kusema tu, sauti ikanirudia. Turubai humeza sauti, ukuta huirudisha.

MIMI: Sasa mbona uliendelea?

RAMANI: Wageni walikuwa wameshasimama. Na kusema kweli, ile picha sijaiona siku nyingi, hata ilipokuwepo.

Alisema hivyo bila kuinamisha uso. Ndiyo mara ya kwanza tulimsikia akilitamka.

RAMANI: Mnatazamana nini? Mlidhani na masikio yameondoka? Mama, huo mfuniko unaugonga watu wanaamka ghorofani. Wewe Kasuku, gari gani linaharibika kila siku mahali pamoja na halipelekwi kwa fundi? Na Wakili hajapata kununua gazeti maishani mwake, leo aje alisomee mtaroni.

WAKILI: Ni la zamani, mzee. Nilifungiwa vitumbua.

RAMANI: Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda.

Alitabasamu, nasi tukatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka.

RAMANI: Lakini hili la leo limenishinda. Nilikuwa nikifika pale nagusa kona ya fremu, chini, penye ufa. Nikiugusa ule ufa, mwanamke anakuja mzima. Leo nimegusa chokaa. Mlango ulikuja. Gauni likaja na kiraka chake. Kandambili ikaja. Mkono haukuja. Nimekaa bustanini tangu asubuhi naungoja.

MAMA KAHAWA: Utakuja, mzee. Tuliza moyo.

RAMANI: Hapana, moyo umetulia. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Mko hapa miaka yote, mlango wa makumbusho huo mbele yenu, na wenyeji hawalipi. Nikumbusheni. Ameshika nini?

Gari lilipita, likapita jingine.

RAMANI: Wakili?

WAKILI: Mimi, mzee... nilikuwa nangoja nipate nafasi.

RAMANI: Kasuku. Wewe umepeleka wageni pale kuliko mtu yeyote.

KASUKU: Nawashusha mlangoni. Gari haliachwi.

RAMANI: Mama?

MAMA KAHAWA: Jiko, mzee. Nilisema nitakwenda siku jiko litakapokuwa na mtu.

Bawabu na mimi hakutuita. Alituelekezea uso tu, kwanza yeye halafu mimi, akajua. Bawabu alitazama mlango wake. Mimi nilitazama saa ya watu. Niliona aibu, tena aibu ile inayochoma kifuani. Kila siku tulikuwa tumemfikisha kwenye kile kizingiti, salama salimini, tukijisifu moyoni kwa wema wetu, na kila siku tulimwacha aingie peke yake.

RAMANI: Hata mmoja?

Mgeni ndiye aliyeweka mkono wake begani kwake. Sisi hatukuweza.

RAMANI: Basi nirudi kabla hawajafunga. Huenda nikisimama tena ukaja.

Akainuka, akanyoosha shati. Mama Kahawa akanyakua mfuniko kwa mazoea, akauinua. Hakuugonga. Akauweka chini, akaliacha jiko na makaa yake yote, akaenda akamshika mzee mkono mbele za watu. Mgeni akashika upande wa pili. Wakili akaacha gazeti benchini. Kasuku aliliacha gari na boneti wazi, na waliokuwa nyuma yake wakapiga honi. Bawabu alitazama mlango wa hoteli, akauacha bila mtu. Nami nikaifunika meza yangu kitambaa.

Binti wa tiketi alituangalia tukipita. Chumba cha mwisho kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhani. Palikuwa na misumari miwili, na chini yake chokaa ilikuwa nyeupe zaidi mahali picha ilipokaa miaka yote.

Mzee Ramani akatupanga mbele ya ukuta, kila mmoja mahali pake, warefu nyuma. Akaanza na mlango. Akaeleza komeo, akaeleza kizingiti, akaeleza gauni, nalo lilikuwa la kijani. Akatuuliza anaingia au anatoka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha. Kisha akasema tutazame mkono wa kushoto, akanyoosha wake, akagusa ukuta.

Tukangoja. Tulingoja naye mpaka binti wa tiketi alipokuja kuzima taa.